Siku moja na watu wenye "upele"

Ninafanya kazi kwenye kliniki ya ngozi na simtibu mtu. Naliweka hilo mbele kwa sababu hata ndugu zangu hunitumia picha za mapaja usiku wa manane wakitaka jina la dawa. Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akiingia, namkagua ngozi na kucha, naandika nilichokiona, faili linatangulia kwa daktari. Wanaopita mlangoni huona mtu anayeshika-shika mikono ya watu na kujaza fomu. Basi, ndiyo kazi yenyewe.

Saa 1:00 asubuhi nafungua pazia lote. Taa yetu ina umanjano, na chini yake kila mtu anaonekana ana ini bovu. Naweka mezani rula ya milimita, kipande cha kioo, pamba, tochi na glavu.

Kuanzia saa 2:00 mpaka saa 4:00 wamepita watu kumi na moja, na wote wana "upele". Neno hilo linanichosha kuliko kusimama. Upele wenyewe ni ule wa wadudu wanaochimba ndani ya ngozi, unawasha usiku hadi nyumba nzima hailali. Lakini mtu akikwambia ana upele, huenda ana harara, malengelenge, majipu, au chunjua moja tu kidoleni. Kwa hiyo nafumba macho na kupitisha kidole. Kilichoota kisipohisika ni doa bapa, kwenye fomu tunaita makula. Kikihisika, ni kigumu na hakifiki sentimita 1, ni papula. Kikiwa na maji maangavu ni lengelenge: dogo ni vesikula, kubwa ni bula. Kikiwa na usaha ni pustula. (Vitabu vingine vinaweka mpaka kwenye nusu sentimita, na ubishi huo umeshanila mapumziko ya mchana zaidi ya mara moja.)

Fomu ina kisanduku kinachoniudhi: "Wekundu: ndiyo/hapana." Aliyeitunga hakuwa akifikiria ngozi nyeusi. Kwenye ngozi nyeusi iliyovimba kwa moto wa ndani, wekundu mara nyingi hauonekani; unaona zambarau, kijivu, au weusi uliokoza zaidi ya jirani yake. Nikiweka "hapana" nimemdanganya daktari. Nageuza mkono, nalinganisha joto kwa mgongo wa vidole upande huu na ule, kisha naandika pembeni kwa herufi ndogo.

Saa 4:20 akaingia bwana mmoja, simu sikioni.

"Sista, nina fangasi ya ukucha. Niandikie krimu tu niondoke."

Nikamwomba avue viatu. Akavua kimoja. Nikamwambia vyote viwili. Akasema tatizo liko mguu wa kushoto, wa kulia una nini? Nikamweleza kwamba mguu mmoja ndio kipimo cha mwenzake. Simu ikalia, akapokea, akazungumzia mzigo uliokwama mahali, mguu mtupu ukiwa juu ya stuli yangu. Dakika sita. Nje foleni inakohoa.

Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na weusi. Nikamulika. Ulikuwa zambarau iliyokoza, kingo zake za mviringo, na kati yake na shina la ukucha pamebaki ukanda safi wa milimita 2. Ukanda huo ndio niliokuwa nautafuta. Damu iliyovilia husogea mbele na ukucha unavyokua, nyuma inaacha pasafi. Mstari wa rangi unaoanza shinani na kufika nchani ni habari nyingine, na rangi ikimwagika mpaka kwenye ngozi inayozunguka ukucha, faili halikai hata dakika kwenye foleni, maana huenda ni saratani.

"Ulijigonga?"

"Sijajigonga."

"Viatu vipya?"

"Sista, mimi nimekuja kwa fangasi."

Kisha, akiwa anatafuta chaja, akasema alicheza mpira na vijana wa ofisini mwezi wa juzi, kiatu kikamkaba. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, wa mguu nusu yake au pungufu, kwa hiyo hesabu ilikubali. Nikapima, nikaandika: milimita 6 kwa 4, haigusi ngozi ya pembeni, ukucha haujanenepa wala haumung'unyiki. Sikuandika fangasi.

Akavua kiatu cha pili kwa hasira. Kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, inabanduka.

"Hii inawasha?"

"Hiyo? Miaka."

Nikaandika hiyo pia. Akasoma juu ya bega langu, akapiga paja. "Si nilikwambia nina fangasi!" Saa 5:05 akatoka kwa daktari kifua mbele, na hakunipa hata asante.

Mchana sikumbuki vizuri. Mtoto mwenye vidoto. Nikakandamiza kwa kioo, vikafifia, mama akashusha pumzi, maana vya damu chini ya ngozi havififii. Mwalimu mwenye kucha zilizobonyea kama kijiko. Nikashusha kope la chini, ndani peupe kama kwa mtu aliyepungukiwa damu, nikaandika. Msichana aliyeambiwa madoa meupe ya kucha ni ukosefu wa kalsiamu. Mara nyingi ni kugongwa-gongwa tu.

Halafu kijana mwenye doa moja mkononi, limepauka, bapa, haliwashi. Nikamfumbisha macho na kumgusa kwa ncha ya pamba. Nje ya doa alisema, "Hapo." Ndani alinyamaza. Nikarudia, akanyamaza tena, akauliza kama nimeshaanza. Jina la ugonjwa si langu kulitamka. Niliandika "hisia hakuna", nikalipeleka faili kwa mkono wangu.

Jioni nikanawa kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi. Mikono yangu imepasuka kati ya vidole, magamba laini, hakuna majimaji. Nimefika getini ndipo nikakumbuka: kwenye faili la yule kijana sikuandika ni mkono wa kulia au wa kushoto. Nikarudi, mlinzi akanifungulia, nikawasha ile taa ya manjano.

Wa kulia.