Laptop ya zamani inarikodi TV nyumbani, na kila mtu anaangalia kwa wakati wake

Watu wengi wakisikia kurikodi TV kwa kompyuta wanadhani lazima uwe na mashine nzito, wanakata tamaa kabla hawajaanza. Si kweli jamani. Matangazo ya dijitali yanapofika kwenye antena yako yashakuwa data tayari, yashabanwa huko huko yanakotoka, kwa hiyo kompyuta haitengenezi picha yoyote, inapokea tu na kuandika kwenye diski kama yalivyo. Laptop ya zamani iliyopasuka kioo, ile mnayoiweka juu ya kabati, inafanya kazi hii bila hata feni kupiga kelele. Pesa yako iweke kwenye antena, tyuna (kidude kinachopokea signo ya antena na kuiingiza kwenye kompyuta) na diski.

Kilichonisukuma mimi ni Ramadhani. Taarifa ya habari saa mbili usiku, na saa hiyo ndo tuko tarawehe, ukirudi nyumbani kipindi kishapita na hakuna wa kukuhadithia. Halafu kuna Kombe la Mapinduzi Januari, mechi za usiku, na kuna taarab za sikukuu ambazo bi mkubwa anazipenda kuliko kitu chochote lakini siku yenyewe ya Idi wageni wanaingia na kutoka, ataangalia saa ngapi? Na sisi Zanzibar TV tumeizoea zamani, TVZ ilianza 1973 tena ya rangi, bara walikaa mpaka 1994 ndo wakapata stesheni ya kwanza. Wazee wetu wamekua nayo. Kumwambia mzee "kipindi kishapita" mimi naona si haki wakati kuna njia.

Sasa jambo la mwanzo kabisa, kabla hujatoa hata shilingi. Chukua TV yoyote ya miaka hii ya karibuni yenye DVB-T2 (mfumo wa kupokea dijitali kwa antena) ndani yake, chomoa king'amuzi, chomeka waya wa antena moja kwa moja kwenye TV, skani. Chaneli zitakazoonekana hapo bila king'amuzi ndo hizo hizo kompyuta itakazoweza kurikodi. Zilizofungwa kwa malipo zitakaa zimefungwa, Linux (mfumo ninaouendesha kwenye laptop badala ya Windows) haizifungui, na asikudanganye mtu kwamba kuna programu ya kuzifungua. Ukiona zile unazozitaka zipo wazi, endelea. Na hapo hapo ingia kwenye menyu ya TV inayoonesha nguvu ya signo, andika pembeni masafa ya kila chaneli, utayahitaji baadae.

Tyuna ya USB. Hapa sikilizeni vizuri maana madukani zimejaa zilizoandikwa DVB-T tu, bila ile 2, na hizo T2 hazishiki hata kwa dawa. Na kwenye boksi kuandikwa "Windows" hakutoshi pia, uliza chipu ya ndani ni ipi. Zenye chipu ya Si2168 ya Silicon Labs Linux inazijua vizuri, unaongeza femwea yake tu (faili dogo linaloiendesha chipu) kwenye folda ya /lib/firmware. Ukichomeka fungua terminal, pale pa kuandika amri, andika lsusb halafu dmesg, ukiona pametokea /dev/dvb/adapter0 basi kazi kubwa imekwisha. Mwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, kuna kibao chake kinaitwa TV HAT, kinashika T2, kinakaa juu yake moja kwa moja.

Antena ndo roho ya mambo yote haya. Signo ikiwa dhaifu TV ya kawaida picha inaganda kidogo unasamehe, lakini kwenye rikodi inabaki imeganda maisha, kila ukiirudia ipo pale pale. Weka antena ya UHF nje juu ya bati, itazame kule kunakotazama za majirani zako wanaopata vizuri, tumia waya mzuri wa RG6, na viungio vyote vizibe kwa tepu ya mpira isiyopitisha maji. Sisi tunaishi na bahari, chumvi ya upepo inakula shaba kimya kimya, leo picha safi baada ya masika mawili signo imeshuka na unailaumu kompyuta bure. Na kama antena yako ina busta, yaani kikuza signo, kumbuka busta inataka umeme wake, king'amuzi chengine kinaupeleka kwa waya ule ule lakini tyuna nyingi za USB hazipeleki.

Programu ya kurikodi nnayoitumia ni Tvheadend. MythTV, nyengine ya kazi hiyo hiyo, naiheshimu, ni kongwe, Isaac Richards aliianza 2002, na inafanya mambo mengi sana, ila inataka na hifadhidata pembeni, kwa laptop kama yangu nataka kitu chepesi. Tvheadend unaiweka kwenye Debian, aina moja ya Linux, hata bila skrini ya madirisha na aikoni, unaifungua kwa brauza ya simu kwenye poti 9981, unatengeneza mtandao wa DVB-T, unaingiza yale masafa uliyoyaandika, yanakwenda kwa hatua ya MHz 8, yaani 474, 482, 490 kuendelea, na uhakikishe umechagua DVB-T2. Inaskani, chaneli zinatokea kwa majina yake. Kitu kizuri kuliko vyote ni kwamba chaneli zinazokuja kwenye masafa mamoja tyuna moja inazirikodi zote kwa pamoja, wewe unarikodi habari huku mwengine anarikodi mpira.

Ratiba inayokuja na matangazo usiitegemee sana, mimi naweka saa kwa mkono na naongeza dakika mbele na nyuma, mpira nauongezea nusu saa nzima. Na saa za eneo ziwe Africa/Dar_es_Salaam, saa mbili usiku uandike 20:00.

Kwa nini laptop na sio kompyuta ya mezani, desktop? Betri. Umeme ukikatika katikati ya kipindi laptop inaendelea, ila antena yenye busta na ruta navyo vitie kwenye betri ndogo. Halafu matumizi, laptop kama hii inakula wati 15 hivi, desktop ya zamani 60, zikiwaka usiku na mchana kwa mwezi ni kama unit 11 dhidi ya 43 za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, hiyo si tofauti ya kupuuza.

Chaneli ya kawaida isiyo HD inakula giga 1 mpaka 2 kwa saa, kwa hiyo diski ya tera 1 inakutosha masaa 500 au zaidi. Kuangalia ni kwa programu inayoitwa Kodi kwenye TV au VLC kwenye simu, kupitia waifai ya ndani, na bando halitumiki hata MB moja kwa sababu data haitoki nje ya nyumba. Vile ambavyo bi mkubwa anataka vibakie, nyimbo za Idi na mahojiano ya wazee wa taarab, navihamishia kwenye diski nyengine ya nje naiweka mbali na laptop.

Kilichobaki sasa ni tyuna ya pili kwa ajili ya masafa mengine, maana Idi chaneli mbili zinagongana. Alieziona T2 zenye Si2168 hapa sokoni Darajani aniachie ujumbe na bei yake.