Baridi yabisi ilivyonianzia miguuni

Watu wengi wakisikia baridi yabisi wanafikiria vidole vya mikono tu, hata mi nilikuwa hivyo hivyo, kumbe kwangu ilianzia chini. Asubuhi nashuka kitandani, nakanyaga sakafu nasikia kama kuna changarawe pale mbele ya unyayo karibu na mashina ya vidole, nainua mguu naangalia, hamna kitu. Na ni miguu yote miwili. Natembea kwa kushika ukuta mpaka ipite saa nzima hivi ndo viungo vinalegea kidogo. Nikalaumu viatu, nikabadilisha viatu, nikalaumu kusimama sana kazini, jirani akasema hiyo jongo. Ila jongo mara nyingi hulipuka ghafla kwenye kiungo kimoja, hasa dole gumba, yangu ilikuja polepole na pande zote mbili.

Daktari wa kwanza alinipa vidonge vya maumivu bila hata kuniambia nivue soksi. Hilo linaniuma mpaka leo. Wa pili alinivulisha viatu, akashika mguu kwa mbele akaubana kutoka pembeni kama vile anausalimia kwa mkono, aisee niliruka! Akasema viungo vya mashina ya vidole vikishavimba ndo vinavyolia hivyo vikibanwa. Damu ikapimwa, akanieleza kwamba kinga ya mwili inageuka kushambulia utando ulioko ndani ya viungo, utando unavimba na ukiachwa hivyo hivyo unaanza kula gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, na mfupa wenyewe. Halafu kuna watu vipimo vya damu vinatoka safi na ugonjwa wanao, kwa hiyo majibu safi peke yake yasikutulize kama asubuhi bado unatembea kama umefungwa mbao.

Nikaanzishiwa methotreksati, dawa ya kuituliza hiyo kinga. Hii dawa inamezwa mara MOJA kwa wiki jamani, sio kila siku, ukikosea hapo ni hatari kweli, mi nilichagua siku yangu nikaiandika ukutani. Nikapewa na foliki asidi, aina ya vitamini, ya kupunguza madhara yake, na damu inapimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Wiki ya sita nilitaka kuacha maana sikuona kitu, nikaambiwa vumilia inachukua hata miezi mitatu, na kweli karibu na mwezi wa tatu nikaamka siku moja nikafika bafuni ndo nakumbuka kwamba sijashika ukuta.

Kifundo cha mguu kilikuja baadaye na chenyewe kina vituko vyake. Kwenye sakafu natembea vizuri tu, nikikanyaga njia ya mashimo mashimo napiga kelele. Fizio, yule mtaalamu wa tiba ya mazoezi, aliomba kuona viatu vyangu vya zamani, nikashangaa, akageuza soli akanionyesha imelika upande wa ndani. Kumbe upinde wa unyayo ulikuwa unashuka, ile kano (sio mshipa wa damu, ni ule uzi mgumu unaoshikisha msuli kwenye mfupa) inayopita nyuma ya kifundo kwa ndani na kuubeba upinde imechoka, na kisigino kinapinda kwenda nje. Akanipa soli za kuweka ndani zinazoinua upinde, na mazoezi ya kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu. Viatu sasa nanunua jioni miguu ikiwa imeshavimba, vyenye mbele pana na kina, soli ngumu iliyopinda kwa mbele ili vidole visifanye kazi kubwa. Sio vizuri kwa macho, acha tu.

Sugu nilikuwa nakata mwenyewe kwa wembe, nikagombezwa, maana hizi dawa zinapunguza kinga na kidonda kidogo cha mguuni kinaweza kuleta balaa.

Dole gumba la kulia lilishaanza kulala upande kabla dawa haijakolea. Nimeambiwa halirudi bila upasuaji, kwa sasa haliniumi kwa hiyo nimeliacha lilale.