Shanga 42 ndani ya beseni: siku moja na wanafunzi wangu

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya jambo lolote, nahesabu shanga za mchezo ninaofundishia mabadiliko ya tabianchi. Za buluu 28, nyekundu 14, na akiba ya nyekundu kwenye mifuko. Kila ushanga ni sehemu 10 kwa milioni za hewa ukaa angani, gesi inayoongeza joto la dunia. Kabla ya zama za viwanda zilikuwa kama 280. Leo zimepita 420. Buluu ni za tangu asili, nyekundu ni zetu wanadamu. Nikikosea hapa somo zima linakwenda kombo, kwa hiyo nahesabu mara mbili.

Saa 1:30 asubuhi. Ofisini, mwalimu mwenzangu wa Hisabati ananiuliza kama leo tena "wanacheza". Namwelewa. Mwaka jana niliwapa mchezo wa kompyuta kuhusu tabianchi. Walifurahi kwelikweli, kengele ikalia, tukatawanyika. Wiki iliyofuata nikawauliza wamejifunza nini, wakanitajia alama walizopata. Kosa lilikuwa langu, maana sikuacha hata dakika 5 za mazungumzo. Tangu siku ile nusu ya kipindi ni mchezo na nusu ni mjadala, na muda ukinibana, ninaokata ni mchezo.

Saa 3:00. Kidato cha kwanza, uwanjani, na dadu. Kila mmoja ni chembe ya kaboni. Anarusha dadu na kuhama kati ya anga, bahari, mimea, udongo na makaa ya mawe. Kijana mmoja amekwama kwenye makaa, karusha mara tisa bila kutoka. "Mwalimu, mimi nitatoka lini?" Namjibu kwamba wenzake wa kweli wamekaa humo mamilioni ya miaka. Kisha nabadilisha sheria: binadamu amefika, anachimba na kuchoma. Wote wa makaa wanakimbilia anga, na duara la chaki linawajaa mpaka wanakanyagana.

Saa 5:00. Kidato cha tatu, vipindi viwili mfululizo. Hiki ndicho nilichokiamkia.

Beseni liko katikati, lina shanga 42. Ubaoni nimeandika 45, yaani 450, kiwango kinachohusishwa na ongezeko la joto la nyuzi 2 hivi. Makundi manne ni kama nchi. Kila raundi, ambayo ni kama miaka 8, kundi la kwanza linatia shanga 2, la pili 1, la tatu 1, la nne halitii kitu. Mimi natoa 2 kwa niaba ya bahari, misitu na udongo, kwa kuwa takriban nusu ya hewa ukaa tunayoimwaga angani hunyonywa huko.

Raundi ya kwanza: 44. Wakashtuka, wakaomba muda wa kujadiliana. Kundi la kwanza, baada ya kubanwa sana, likakubali kushuka hadi ushanga mmoja. Darasa likapiga makofi. Zikaingia 3, nikatoa 2, binti mmoja akahesabu kwa sauti mpaka 45.

"Lakini tumepunguza!"

Hapo mwalimu unatamani sana kueleza. Nilijizuia. Kimya kilikuwa kirefu, halafu mvulana wa nyuma akaja ubaoni, akachora ndoo chini ya bomba, na tundu dogo kwenye ndoo. "Tumepunguza bomba, hatujalifunga. Yanayoingia bado yanazidi yanayotoka." Nikawaambia kwamba John Sterman, profesa wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, aliwapima wanafunzi wa shahada za juu kwa swali la namna hiyo na wengi wao wakakosea. Yule binti akarudi kukaa, uso umechangamka.

Mstari wa 45 ukifikiwa, kila kundi linavuta kadi ya janga. Kundi la nne likaangukiwa na mafuriko. "Sisi hatujatia hata mmoja!" Kelele zikaanza. Mmoja akauliza zile nyekundu 14 za mwanzo alizitia nani. Kundi la kwanza likajitetea kwamba lilizikuta. Nikawasomea kanuni iliyomo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi: wajibu ni wa wote, lakini hautoshani. Sikuwaamulia. Walitoka mlangoni wakiendelea kubishana, na kwangu hilo ni bora kuliko jibu walilonakili.

Saa 8:00. Kusahihisha madaftari.

Saa 10:00 jioni. Nafungasha, mchoraji wa ndoo anarudi peke yake. "Mwalimu, nani kasema bahari itaendelea kutoa 2? Soda ikipata joto si gesi inatoka?" Nimetumia mchezo huu muda mrefu na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuligusa hilo. Yuko sahihi: maji ya moto hushika gesi kidogo kuliko ya baridi, na bahari inazidi kupata joto. Tukakaa kwenye dawati tukiandika sheria mpya, yeye akisema, mimi nikikosoa.

Saa 3:00 usiku. Naijaribu mezani. Kuanzia raundi ya 4, bahari na misitu zinatoa ushanga 1 tu badala ya 2. Ni kutia chumvi, bahari haipungui nguvu haraka hivyo, na nitawaambia wazi kabla hatujaanza. Nimehesabu: kwa sheria hii, hata makundi yote yakikubaliana kutia shanga 2 kwa jumla, beseni bado linapanda. Nimeongeza shanga kumi kwenye mfuko.