Nilivyopima nyufa za ardhi juu ya mgodi wa makaa ya mawe kule Shaanxi, China

Nianze na ushauri niliopewa, maana unanikera hadi leo. Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni Xuzhou aliniambia kwa simu: "Mdogo wangu, usijichoshe. Piga vigingi vya mbao pembeni mwa ufa, pima mara moja kwa mwezi, andika ripoti." Ukimfuata, ripoti yako itasema hakuna kilichotokea, wakati shamba zima limepasuka na kujifunga tena usipokuwepo.

Pale nilipokuwa, kaskazini mwa Shaanxi, makaa hayafiki mita 200 kwenda chini. Mashine inakata ukuta mpana wa makaa, inasonga mbele mita kadhaa kila siku, na paa la nyuma yake linaachwa liporomoke. Tabaka likiwa na unene wa mita 5, ardhi ya juu inaweza kushuka mita 3. Kijijini kila mtu anajua itashuka. Wanachotaka kujua ni ufa upi utajifunga wenyewe na upi utabaki wazi, ukimeza maji ya mvua na kuvunja mbuzi miguu.

Mbao zilishindwa mapema sana. Udongo wa kule ni wa manjano, laini, na ukilowa unalegea. Mvua moja tu, kigingi kinacheza kama jino bovu. Majira ya baridi ardhi inaganda hata mita nzima kwenda chini na kuvisukuma vigingi juu. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanikatia nondo za mita moja na nusu kwa hela ambayo hainunui hata chakula cha wiki. Kila nondo niliichonga alama ya msalaba kichwani, nikaisimamisha kwenye zege chini ya shimo, na sehemu ya juu nikaivisha bomba la plastiki ili udongo ukiganda usiishike. Hilo bomba usiliache kabisa.

Kisha kuna jambo ambalo najivunia. Wengi hupiga nondo mbili, moja kila upande wa ufa. Mimi nilipiga tatu: mbili upande mmoja, moja ng'ambo. Ukipima kwa futi ya chuma kutoka hizo mbili hadi ile ya tatu, unajua ufa umepanuka kiasi gani na pia kama upande mmoja umeteleza kando. Levo, kile kifaa cha kupimia tofauti ya kimo, inakuambia upande upi umeshuka zaidi.

Siku moja nikakuta mzee mwenye shamba la mahindi ameshafukia ufa kwa jembe. Wenzangu wa droni walilalamika kwamba picha zao hazionyeshi kitu tena. Nondo zangu zilikuwa palepale, na umbali kati yake uliendelea kubadilika chini ya udongo mpya. Mzee ndiye aliyenifungua macho: "Kijana, za katikati zinafuata mashine. Za ukingoni ndizo zinazobaki."

Nikaanza kupima asubuhi na jioni mashine ilipokaribia. Ufa wa katikati ulifunguka mashine ilipofika chini yake, ukafikia karibu upana wa kiganja, halafu ukaanza kurudi kadiri mashine ilivyosonga mbele. Kabla mwezi haujaisha ulikuwa umejifunga karibu wote. Wa ukingoni, juu ya makaa yaliyoachwa bila kuchimbwa, ulifunguka na haukurudi.

Watu huniuliza kwa nini sikutumia satelaiti. Nilitumia. Picha za Sentinel-1, satelaiti za rada za Ulaya, ni za bure na satelaiti moja hurudi mahali palepale kila baada ya siku 12, lakini urefu wa wimbi lake la rada ni kama sentimita 5.6. Kwenye pembe za eneo, ardhi inaposhuka kwa sentimita, zinasaidia sana. Katikati, inaposhuka kwa mita ndani ya siku chache, picha inavurugika na huambulii kitu.

Na bikoni za kuanzia, yaani alama zisizotakiwa kusogea ambazo vipimo vyote huanzia, zisiwe karibu. Ardhi hushuka hata nje ya eneo lililochimbwa. Zangu niliziweka mbali na ukingo kuliko kina cha mgodi wenyewe, na nilikuwa nazilinganisha zenyewe kwa zenyewe kabla ya kuamini kipimo chochote.

Nyumbani Tanzania huniuliza haya yote ya nini, ikiwa kwenye makaa ya Ngaka wanachimba kwa shimo la wazi. Jamani, Kiwira nako kuna mgodi wa makaa wa chini ya ardhi.

Kule Shaanxi, kwa nyufa za katikati jembe lilitosha, na mzee akapanda. Za ukingoni tulitoa kwanza udongo wa juu na kuuweka kando, tukajaza mawe chini, tukashindilia mfinyanzi, ndipo tukaurudisha. Hapo tulimwomba asubiri: kwa kanuni za China, ardhi huhesabiwa imetulia ikiwa ndani ya miezi 6 mfululizo haijashuka zaidi ya milimita 30.