Viazi vya Kuungwa kwa Haradali na Binzari Nyembamba

Siku za kazi ninaporudi nyumbani saa moja jioni, mara nyingi jikoni kuna wali na dengu, au chapati zilizobaki asubuhi, na kinachokosekana ni kitu cha pembeni chenye ladha ya kuviamsha. Kwa hapo sijaona chakula kinachoshinda viazi vilivyoungwa Kigujarati, ambavyo wenyewe huviita batata nu shaak. Neno batata si geni kwetu: Wareno walilifikisha magharibi mwa India, na ndilo hilohilo tunalolisikia katika mbatata ya Unguja.

Nilifundishwa kuvipika na jirani yetu wa Upanga, mama wa Kigujarati ambaye mlango wake wa jikoni ulitazamana na wetu. Nilipojaribu mwenyewe mara ya kwanza nilitia kitunguu na nyanya, kwa sababu nilipolelewa mimi, kuunga mboga maana yake ni hivyo. Nikapata mchuzi mzuri tu wa viazi, lakini si kile nilichokuwa nikikinusa kutoka kwake. Kuunga kwake, anakokuita vaghar, ni mafuta matupu yaliyopata moto sawasawa na viungo vizima, basi. Harufu ya viungo hivyo na rangi ya manjano huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo ukivinyunyiza juu ya viazi vyenye majimaji, vitabaki vimekaa juu juu na ladha ya ubichi.

Kwa watu wanne mimi hutumia nusu kilo ya viazi mviringo, navyo huvichemsha na maganda yake asubuhi ninapojiandaa kwenda kazini, nikavihifadhi kwenye friji. Kiazi kilichopoa hukaza na hukatika vipande safi, ilhali cha moto hupondeka mara tu mwiko unapokigusa. Jioni huvimenya na kuvikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba.

Weka vijiko vitatu vikubwa vya mafuta kwenye kikaango kizito, kisha dondosha punje moja ya haradali nyeusi na uitazame. Ikizama na kutulia, subiri; ikipasuka na kuruka, tia nusu kijiko cha chai cha haradali na ushike mfuniko karibu, kwa maana zitaruka hadi ukutani. Mlio ukianza kupungua, tia kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba, ile ya pilau, ambayo ndani ya sekunde chache hugeuka rangi ya kahawia na kutoa harufu kama ya njugu. Hapo hapo tia mvuje kidogo sana, uleule ambao wengi wetu tuliujua kwanza kama dawa ya watoto, pamoja na pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa na tangawizi iliyokunwa. Manjano, nusu kijiko cha chai, huingia mwisho na viazi hufuata bila kuchelewa, kwani manjano huungua upesi na yakiungua huwa machungu, wala hakuna dawa yake ila kumwaga na kuanza upya.

Geuza viazi taratibu mpaka vyote viwe vya njano, tia chumvi, kisha uviache. Hapa ndipo nilipokuwa nikikosea kwa muda mrefu, maana mkono wangu ulikuwa hautulii na mwiko. “Mwanangu, usiviguse, viache vishike chini,” mama yule aliniambia. Dakika nne kwa moto wa wastani zinatosha. Ukigeuza utakuta upande wa chini umekauka na kuwa na ukoko wa dhahabu wenye punje za binzari zilizonata. Vigeuze mara moja tu, vipe dakika tatu nyingine, epua, kamulia ndimu nusu na unyunyize kotimiri.

Kwangu huliwa na dengu laini na chapati. Vikibaki, ambavyo ni nadra, huvikunja ndani ya chapati na kuondoka navyo asubuhi, na hata vikiwa baridi ile haradali bado husikika chini ya jino.