Sumaku ya Fundi

Kijana wetu mpya wa manunuzi anakwenda Guangzhou mwezi wa nne, na juzi alikuja mezani kwangu kuuliza abebe nini. Nikamtajia viatu visivyobana, kadi za biashara za kutosha na begi tupu la kurudia na makatalogi, maana karatasi zile zina uzito wa kumtoa mtu bega. Akaandika yote. Alipoondoka ndipo nikamkumbuka fundi na mfuko wake wa shati.

Safari yetu ya Guangzhou tulikuwa wanne: bosi, mama mhasibu, fundi, na mimi niliyekabidhiwa pasipoti za wote. Ndege, foleni ya vitambulisho, msongamano wa treni ya chini ya ardhi kuelekea Pazhou, yaliko maonesho, hayo tuyaruke. Maonesho yenyewe ya biashara, Canton Fair, yapo tangu 1957. Hufanyika mara mbili kwa mwaka na hugawanywa kwa awamu, kila awamu na bidhaa zake. Ukikosea tarehe unafika unatafuta mashine, unakuta sahani na mashuka. Sisi tulifika kwenye mashine. Kumbi ndizo zilizokataa kuisha. Kufikia mchana bosi alikuwa anatembea kama mtu aliyevalishwa viatu vya jirani.

Tulichofuata ni mashine ya kujaza na kufunga pakiti za chakula, na tuliiona katika banda dogo la pembeni. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye Kiingereza kidogo kuliko changu, kwa hiyo mazungumzo yalihamia kwenye kalkuleta. Yeye anaandika namba, anaigeuza. Mama mhasibu anaitazama, anafuta, anaandika yake, anairudisha. Hakuna anayesema neno. Mama mhasibu, ambaye ofisini hulalamikia hata bei ya wino, alikuwa ametulia tuli, miwani imeshuka puani. Namba ikashuka. Ikashuka tena, mara hii kwa urahisi ulionifanya nitabasamu. Bosi alishaanza kutafuta kalamu.

Fundi muda wote huo alikuwa chini, amelala chali chini ya mashine, miguu tu ndiyo inayoonekana. Kutoka huko tukasikia sauti yake.

“Mama, hebu subiri kidogo. Muulizeni, hiyo bei ya sasa ni ya mashine hii hii niliyoilalia?”

Nikatafsiri nilivyoweza. Yule dada hakujibu. Fundi akajivuta nje, akajipangusa mgongo, akatoa sumaku mfukoni, ile ya duara inayokaa nyuma ya spika. Akaiweka kwenye bati la mashine. Haikushika. Akaiweka mahali pengine, ikateleza. Kisha akamtazama dada, bila ukali wowote.

Nilitegemea dada akasirike. Badala yake alinyoosha mkono akaiomba sumaku, akatuongoza hadi nyuma ya banda kulikokuwa na mashine nyingine, rangi ile ile, vitufe vile vile, mimi nisingezitofautisha hata kwa fimbo. Akaibandika mwenyewe. Tak! Akaonyesha namba ya mwisho kwenye kalkuleta, halafu akaonyesha mashine hiyo. Akaonyesha namba ya kwanza, halafu ile ya mbele. Kisha akacheka, fundi naye akacheka, na bosi akarudisha kalamu mfukoni.

Nimelifikiria sana lile tendo. Je, alikuwa anatuibia? Tuliomba bei ya chini, naye akatupa mashine ya bei ya chini, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama ni ile tuliyoishika kwa mikono. Lakini pia hakusema mpaka alipobanwa. Kila nikidhani nimempatia jina, silipendi.

Tulinunua ile ya mbele karibu na bei ya kwanza, tukadai aina ya chuma, stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 304, iandikwe kwenye mkataba. Mzigo ulipofika, fundi akaipitisha sumaku kila pembe. Haikushika popote, tukapongezana.

Baadaye sana, nikisoma mambo yasiyonihusu, nikakuta kwamba stenlesi ya daraja la 430 kweli hushika sumaku, na 304 kwa kawaida haishiki; ila ipo pia 201, ya bei rahisi na inayopata kutu upesi zaidi, ambayo nayo mara nyingi haishiki. Nikamfuata fundi karakana, moyo unadunda. Hakuacha hata kukaza nati.

“Hilo nalijua tangu chuo,” akasema. “Sumaku haikuwa ya kupimia chuma. Nilitaka kumwona usoni.”

Mama mhasibu hadi leo anashikilia kwamba tulimkatiza; angeachwa kidogo tu, bei ingebaki ile ya chini na mashine ingekuwa ile ya mbele. Bosi humwambia haiwezekani. Mimi niliyekuwa naitazama kalkuleta ile sina uhakika.