Mamba wa sponji: hatimaye kinywa kimefunguka

Jana usiku saa nne kasorobo mamba wa sponji ninayemjengea filamu yangu fupi alifungua kinywa, akatulia hivyo hivyo. Nilishangilia mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Hadithi ya filamu ni hii: bustani ya mamba pembezoni mwa Nairobi, wageni wamekauka, mamba wa mwisho amekufa kwa uzee, mlinzi kaweka wa bandia na hasemi. Dakika 12 za vichekesho, pesa ni za mfukoni.

Wiki tatu zimeliwa na kinywa hicho. Mota ni ya waipa za gari, nimeitoa Grogan, kwa wauza vipuri wa Nairobi. Nguvu inayo, ila haikujua kusimama. Mamba anafungua, anafunga, anafungua, anafunga, kama dereva wa lori na miraa yake. Nikikata umeme kwa mkono anabaki nusu, utadhani chafya imemkwama.

Halafu niligundua nimemjenga kama katuni, taya la juu linapanda peke yake. Mamba halisi taya lenye bawaba ni la chini. Likiwa limelala ardhini, ni kichwa kizima kinachoinuka kutoka shingoni. Nikang'oa kila kitu, bawaba ikahamia shingoni. Jumapili nzima hiyo.

Dawa ya kusimama ilikuwa ndani ya mota muda wote. Waipa ukizizima hazigandi katikati ya kioo, zinarudi chini kwanza. Kuna swichi ndogo ndani kwa kazi hiyo, na waya wake niliukata siku ya kwanza nikiuona hauna maana! Nimeuunga, nikageuza mkono wa mota ili kituo chake kiwe kinywa wazi. Kukifunga sihitaji, nakata picha.

Betri ya bodaboda, volti 12, ilirusha kichwa kama mlango wa matatu. Ya volti 6 ikashindwa kukiinua. Nimefunga ukanda wa tyubu ya baiskeli mgongoni, unasaidia kubeba uzito, na sasa kinapanda kwa sekunde mbili hivi, kivivu, kimamba. (Anayetaka kugandisha sponji atumie gundi ya mafundi wa viatu. Ile ya kuyeyushwa kwa bunduki ya gundi ililegea kwenye jua la saa saba, meno manne yakaanguka mbele ya watoto wa ploti.)

Kimebaki kelele. Mota inanguruma na maikrofoni inaidaka yote. Jumamosi ilikuwa siku ya kuijengea kisanduku, na ya kupaka rangi mkia. Sijagusa hata kimoja, kwa sababu nikiwa naoga nilimsikia kichwani mgeni wa bustani akimuuliza mlinzi:

"Babu, mbona ananguruma?"

"Tumbo hilo, mama. Hajala tangu wageni waadimike."

Mgeni anatoa shilingi mia, anaiweka kwenye kopo. Kesho yake mlinzi amebandika bei ya chakula langoni. Kurasa tano za skripti nimezitupa, naandika upya kuanzia hapo. Mkia utasubiri.